Kaburi la Kupanga

Haika mwanangu,

Umeshuka mjini kutoa kopi za bima na kubadilisha hela, na umeondoka hujaniaga vizuri. Sikulaumu, hata mimi sikukuitikia vizuri. Jua bado liko juu ya migomba, kuku hawajaingia bandani, nami nimekaa barazani na kalamu yako niliyoiokota mezani. Barua hii nitaiweka ndani ya ile bahasha yako ya plastiki, katikati ya tiketi na barua ya mwaliko, maana najua bahasha hiyo utaifungua mara nyingi kuliko Biblia.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kushika mkoba mbele. Hayo umenifundisha wewe. Mwanamke anayeuza ndizi soko la Kilombero hana la kumfundisha mtu wa maabara kuhusu safari ya Ulaya. Nataka kukuandikia yaliyonikaa kooni jana, mpaka tukagombana kwa ajili ya kifuko cha udongo.

Nilikuwa nimekificha ndani ya soksi zako. Ulipokitoa ulikishika kwa vidole viwili.

"Mama, hiki nini?"

"Udongo wa kaburi la baba yenu. Na majani mawili ya masale. Ukamwekee kaka yako kabla hawajamgusa."

"Mama, si nilikusomea? Udongo hauingii Ulaya. Hata jani haliingii."

"Udongo wa baba yako una dhambi gani?"

"Hauna dhambi, una wadudu. Ndivyo wanavyosema wao. Wakinikuta nao watanivuta pembeni, wataanza maswali, nitaachwa na meli ya kwenda kisiwani. Unataka nifike wameshamfukua?"

Ndipo nikasema lile neno, kwamba wewe hujazaa, huwezi kujua. Ukaenda kuumwaga udongo pale pale ulipotoka, taratibu, ukaupapasa kwa kiganja. Nilikuona kutoka dirishani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini wewe ulifiwa na kaka yako na katika miaka yote hii hakuna aliyekushika mkono akakuambia pole. Watu walinipa pole mimi. Na mimi niliipokea yote, sikukugawia. Nisamehe. Kama ningekuwa na mkono mrefu ningekuletea jani la masale huko uliko mjini, maana kwetu Machame mtu akikuletea hilo jani huwezi kumkatalia msamaha.

Acha nikusimulie tena habari za kaka yako, ingawa unazijua, maana nikisimulia ndipo napumua. Elisante alikuwa mpishi kwenye hoteli ya watalii kule Usa River. Siku moja akaja mama mmoja wa Kigiriki, mtu mzima, akala ndizi zake, akaomba kumwona mpishi, na akamsalimia kwa Kiswahili! Kumbe alizaliwa hapa hapa chini ya Mlima Meru, kwenye shamba la kahawa la baba yake, wakaondoka yeye akiwa msichana. Ndiye huyo Bi Katerina anayekualika. Ana nyumba ya wageni kwenye kisiwa kwao Ugiriki, akamwomba Elisante aende kumpikia msimu wa watalii. Akaenda na karatasi zake zote, halali kabisa. Msimu wa kwanza akarudi. Wa pili akarudi na ile redio. Wa tatu ndipo ulipokuja ugonjwa ukafunga viwanja vya ndege dunia nzima, na yeye ukamshika huko huko.

Nilionyeshwa sanduku kwenye simu. Sanduku tu, limefungwa, na watu wanne waliovaa kama wanaopulizia kahawa dawa. Bi Katerina alikuwa amesimama mbali, nje ya ukuta, analia kwa sauti. Ndiyo maziko ya mwanangu wa kwanza niliyoyaona.

Hapa Akheri tulikaa matanga bila maiti. Watu walikuja, wakala, wakaimba, wakaenda. Mchungaji alitaka tuweke msalaba pembeni ya baba yenu, nikamkatalia, nikasema msalaba usio na mtu ni kijiti. Watu wakadhani nina uchungu. Uchungu ninao, lakini haikuwa hiyo sababu. Sikuamini, Haika. Huku kwetu mtu akifa unamwosha, unamvika, unamshika uso uliopoa, basi hata moyo ukikataa mikono yako inajua. Mikono yangu haikujua kitu. Kila Jumapili baada ya ibada, saa ile aliyozoea kupiga, nilikuwa nakaa na simu mapajani.

Wewe ulikuwa unakuja na nyama kutoka Themi kule mjini, unapika, unaosha vyombo, unanisimulia habari za kazini, na mimi naitazama simu. Ulikuwa hapa. Miaka yote ulikuwa hapa, na mimi nilikuwa namngoja mwingine. Siku ya mahafali yako nililia sana ukanikumbatia, ukaniambia, "Usilie mama, tumemaliza." Ulidhani nalia kwa furaha. Nilikuwa nautazama mlango.

Watu wanasema msiba hufundisha. Mimi msiba haukunifundisha kitu, ulinipumbaza tu. Nilichojifunza nimejifunza mwaka huu, na nimejifunza kwa sababu ya viza.

Nilikuambia Bi Katerina amepiga kusema muda wa kaburi umekwisha. Kile Kiswahili chake cha shambani: "Mama, hapa kwetu kisiwa ni ndogo. Mtu analala miaka tatu, halafu anapisha mwingine. Mimi nimeomba waongeze, wameongeza, nimeomba tena, sasa hawawezi." Akasema watafukua, mifupa itaoshwa kwa divai, itawekwa kwenye kisanduku. Ndugu wakija watapewa. Wasipokuja, itaingia kwenye shimo la wote pamoja.

Nilimtukana. Hukuwepo siku hiyo, nami sikukuambia yote. Nilimwambia mnafukua watu kama viazi. Nilimwambia sijawahi kusikia mtu anapanga kaburi kama chumba cha mtaa wa Levolosi, kodi ikiisha anatolewa na godoro lake. Mwenzangu analia kwenye simu, mimi nakata.

Nikaenda Machame kwa bibi yako, mama yangu, nikitaka anisaidie kulaani. Alinisikiliza anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Umemtukana mtu bure." Akaniambia kwamba zamani, kabla ya misheni, hata wetu walifukuliwa. Mtu alizikwa nyumbani mwake, ukipita muda wanamtoa kwa heshima, kichwa chake kinawekwa kihambani, shamba la ukoo, kwenye masale, akae na watu wake. "Wachungaji walipokuja walisema ni ushenzi, tukaacha. Sasa hao Wazungu wako wanafanya vile vile, tena na padri anaimba." Akacheka na meno yake matatu. Halafu akaacha kucheka akaniambia, "Mtu hafukuliwi atupwe. Anafukuliwa ili aende kwao. Kamchukueni mtoto."

Nikampigia Bi Katerina nikamwomba radhi. Alinijibu, "Basi mama, mimi nilijua utarudi." Nikamuuliza mchungaji wetu habari ya divai, kama Mlutheri anaruhusiwa kuoshwa nayo. Akafikiri kidogo, akasema hajawahi kusikia divai imemdhuru marehemu.

Ndipo tukaanza safari ya karatasi, mimi na wewe. Tulitakiwa kwenda wawili. Mimi kama mama ndiye nilipaswa kumpokea na kusaini, wewe unisaidie lugha na ndege. Ulinieleza kila kitu tukiwa hapa jikoni: barua ya mwaliko, bima ya safari, tiketi ya kurudi, taarifa za benki za miezi ya nyuma, barua ya mwajiri. Kwa mwajiri nikakuambia andika soko. Ulicheka mpaka moshi ukakupalia.

Hapo ndipo nilipokosea, na sasa nakuambia jinsi ilivyokuwa, maana wewe ulidhani walininyima kwa sababu ya umaskini. Ulikuwa umeniambia akaunti yangu iachwe ilivyo, hela yangu ndogo iingie na kutoka kama kawaida, watu wale wanataka kuona maisha ya mtu yalivyo. Lakini unawajua watu wetu. Akina mama wa kikoba, tunaoweka akiba pamoja, walisikia, jumuiya wakasikia, wauza ndizi wenzangu wakasikia, hata yule jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba akasikia. Wakachanga. Walikuja hapa wakiimba, wakanipa mchango kwenye kitambaa, wakisema Mama Elisante aende akamlete mtoto. Nilijisikia tajiri. Nikasema acha na wale wa ubalozini waone jinsi ninavyopendwa, nikaupeleka mchango benki kesho yake asubuhi, nikaweka wote mara moja, wiki ile ile tuliyovuka Namanga kwenda Nairobi kuomba viza.

Watu wangu walinipenda, na upendo wao ukaonekana kwenye karatasi kama ujanja. Akaunti ambayo miezi yote haina kitu, halafu ghafla imevimba siku chache kabla ya maombi. Nani angeamini? Hata mimi ningekuwa dirishani ningejiuliza hela hii ni ya nani. Sikuwaambia wenzangu mpaka leo, na wewe usiwaambie. Wanadhani mchango wao ndio unaokupeleka wewe, na kweli ndio.

Halafu yale maswali. Ulikuwa umekaa nyuma, hukusikia vizuri. Kwanza mashine ya alama za vidole ilinikataa. Yule dada wa ubalozini alivifuta vidole vyangu kwa kitambaa chenye maji, mara ya kwanza, mara ya pili, utomvu wa ndizi umevila alama zote. Akaniambia, "Pole mama, jaribu tena, bonyeza kidogo." Alikuwa na adabu. Akauliza nina kitu gani cha kunirudisha Tanzania. Nikasema nina migomba. Akauliza mume? Yuko chini ya migomba. Akauliza watoto? Nikasema ninao wawili, mmoja ndiye huyo nyuma yangu tunayekwenda naye, mwingine ndiye ninayemfuata.

Nilijisikia nikisema, Haika. Nilipoisikia sauti yangu nikajua wataninyima.

Karatasi ya kuninyima ilipokuja ulinisomea kwa hasira: hawajaridhika kwamba nitaondoka kabla viza haijaisha. Ukapiga meza, ukasema watu hawa hawana moyo, mama mzima wa Akheri aende akakimbilie Ugiriki kufanya nini. Nami nikakuitikia, nikasonya nawe. Lakini usiku nilijiuliza, na jibu sikulipenda. Kama wangenipa zile siku zao, nikafika pale kwenye ukuta wa makaburi, nikakaa chini, sijui kama ningenyanyuka. Sijui kama ningekumbuka kwamba nina mtoto mwingine mwenye tiketi ya kurudi. Watu wasionijua, kwa makaratasi tu, waliona kitu ambacho mimi nilikuwa sijajiambia. Iliniuma kuliko kunyimwa kwenyewe.

Kwako hawakuwa na shaka. Kazi unayo, likizo umepewa kwa maandishi, mshahara wako unaingia kila mwezi kwa utulivu wake. Walikupa siku chache, kuingia mara moja. Siku ile nilifurahi nikaona wivu humo humo, nikaenda kulisha ng'ombe ambaye alikuwa ameshakula.

Sasa nisikilize kitu kimoja ambacho hakimo kwenye bahasha.

Kaka yako alipokuwa darasa la tatu alianguka kutoka kwenye ule mparachichi wa nyuma, akavunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa mbele ya bega. Baba yenu alimpeleka kwa mzee mmoja wa kuunga mifupa, akamfunga kwa miti na kitambaa. Ukaunga vibaya. Ulibaki na nundu, nilikuwa naisikia chini ya kidole kila nilipomwogesha, kama punje ya hindi. Alipokuwa mkubwa shati lilikuwa linakaa upande, ukimcheka. Mfupa hausahau. Watakapomtoa, wakishaosha, Bi Katerina atasimama nawe. Omba wakuonyeshe mtulinga wa kushoto. Ushike. Wewe unashika vitu vya watu kila siku maabara, mikono yako haitetemeki.

Nilitaka kuwa mimi wa kuushika. Wewe utakuwa mikono yangu.

Na lazima nikuambie ukweli wote, maana nikikuficha utauona usoni mwangu. Tangu siku ile ya sanduku kwenye simu nimekuwa nikiomba usiwepo huo mfupa. Nimekuwa nikiomba ukute mifupa ya mtu mwingine, mtoto wa mama mwingine, na Mungu anisamehe kwa yule mama. Nilipanga kabisa: Haika atashika, hatakuta nundu, atanipigia, tutaanza kumtafuta. Ndiyo sababu nilikuwa mkali jana. Haukuwa udongo. Niliogopa ukienda utaurudisha ukweli, na mimi sijawahi kuuhitaji, nimeishi na simu mapajani nikazoea.

Usinidanganye kwa huruma. Ukiukuta, niambie umeukuta. Nitapiga kelele, majirani watakuja, wacha waje.

Mengine ni madogo. Usizidishe hata siku moja kwenye viza yako. Si kwa kuogopa kufungwa tu. Bi Katerina anapenda watu wa huku, jiko lake halina mpishi, na najua atakuambia ukae. Ukipenda maisha ya kule, siku nyingine uende kwa sababu yako mwenyewe, uniage kwa sababu yako mwenyewe, nami nitakuachia. Sitakushika kwa machozi, nimeshamshika mtu mmoja hivyo kupitia simu na haikumsaidia. Lakini safari hii unakwenda kuchukua mtu. Uwanjani wakikuuliza unafuata nini, usijitungie habari za utalii ili mambo yawe mepesi. Waambie nimemfuata kaka yangu. Halafu ile karatasi ya mahakama inayosema unasaini badala yangu iweke juu, na vibali vya kusafirisha usiviache kwa mtu hata akiwa amevaa tai.

Baada ya kuondoka kwako leo nilitoka nje na kisu. Nilikwenda kwenye ule mgomba wa mshare ulio karibu kabisa na baba yenu, ambao mizizi yake wewe na mimi tunajua ilipofika. Uliwahi kunisomea kwenye simu kwamba karibu kila tunda linataka cheti kuingia kule, isipokuwa machache, na ndizi imo. Ulisoma kwa kupita, mimi nilikuwa nachambua mboga, nikaguna tu. Leo nimekumbuka. Udongo wameukataza na ni haki yao, wana mashamba yao ya kulinda. Lakini udongo ule ule umepanda wenyewe ndani ya mgomba, umekuwa ndizi, na ndizi inaruhusiwa. Nimekata vichana viwili, vibichi, nimeviosha, nimevifunga kwenye taulo, nimeviweka pale zilipokuwa soksi. Safari hii sikuficha, ndiyo nakuambia.

Kichana kimoja mpe Bi Katerina. Mwambie Mama Elisante anasema ahsante kwa kulia nje ya ukuta, na kwa kulipia kaburi miaka ambayo sisi hatukujua linalipiwa. Mpikie wewe, pika kama alivyokuwa akipika kaka yako, na limau mwishoni. Kichana cha pili, wakishamtoa na shimo limebaki wazi, kiweke pembeni ya shimo. Waulize kwanza, wakikataa kiweke nje ya ukuta. Mahali pale pamemlaza mwanangu wakati mimi siwezi. Mpangaji mstaarabu akihama huacha kitu kwa mwenye nyumba.

Nilipokuwa nakata ule mkungu nilisikia nikisema na baba yenu kwa sauti. Nilimwambia asogee kidogo. Nilimwambia mtoto anakuja alale upande wako wa kulia, pale nilipokataa kuweka kijiti. Nikashtuka, kisu mkononi, maana sijawahi kumwambia hivyo. Nikakaa chini pale pale kwenye majani makavu nikalia kama siku ya kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu alipozikwa, Haika, nimeomba uukute. Naomba ukute ile nundu. Nataka mwanangu awe wangu hata akiwa mfupa, kuliko awe sauti isiyopiga.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, huenda ni wewe unapanda. Nikunje karatasi kabla hujaniona nimevimba macho. Kesho uwanjani KIA sitasema mengi, nitakushika tu, na ukiona nakushika muda mrefu usiangalie saa.

Viza yako imeandikwa mtu mmoja. Rudini wawili.

Mama yenu